Kabla Hujaamini Maoni ya Mashabiki Kuhusu Pambano la Mkanda

Katika lucha libre, yaani mieleka ya Kimeksiko, pambano la mkanda baina ya mahasimu wa miaka mingi huisha ndani ya muda mfupi, lakini ubishi wake hauishi. Utamsikia mmoja akiapa kwamba hajapata kuona pambano zuri kama lile, na jirani yake, aliyekaa kiti kinachofuata na kutazama mambo yaleyale, akilalamika kwamba amepotezewa usiku wake. Mimi ni mzaliwa wa Tanga ambaye kazi ilinileta Mexico City, na kwa kuwa nyumba ninayopanga haiko mbali na mtaa wa Doctores, ilipo Arena México, Ijumaa zangu nyingi zimeishia kwenye viti vya juu vya ukumbi huo nikisikiliza watu wakibishana. Ndugu na marafiki wa nyumbani, ambao siku hizi hutazama mapambano haya kwenye simu, huniuliza wafuate maoni ya nani wanapochagua la kutazama. Jibu langu ni kwamba wasimwamini shabiki yeyote kabla hawajajua anapima kwa kipimo gani, kwa sababu malalamiko mengi kuhusu mapambano ya mkanda hutoka kwa watu wanaoyapima kana kwamba ni mapambano ya barakoa.

Tofauti ya aina hizo mbili ni kubwa kuliko mgeni anavyodhani. Katika pambano la barakoa, ambalo ni pambano la dau, barakoa huwekwa rehani dhidi ya barakoa au nywele: aliyeweka nywele akishindwa hunyolewa, na aliyeweka barakoa huvuliwa mbele ya umati, hutaja jina lake halisi, na kwa desturi haivai tena. Hapo watazamaji huja wakitarajia damu, barakoa zilizochanika, na mwamuzi anayefumbia macho yasiyofumbika. Pambano la mkanda lina adabu nyingine kabisa. Wanamieleka wa Meksiko wamegawanyika pande mbili: técnicos, ambao hufuata sheria na kutegemea ufundi, na rudos, ambao hupiga, huuma, huvuta barakoa na kutukanana na watu wa viti vya mbele. Usiku wa mkanda, hata rudo mkorofi kupita kiasi hutarajiwa kuacha ukorofi wake nje ya ulingo na kuonesha kwamba kazi anaijua. Mtu aliyezoea kuwaona mahasimu wale wakitoana damu kila wiki anaweza kuona mabadiliko hayo kuwa woga au uvivu, na hapo ndipo maoni yake yanapoanza kupotoka.

Ukitaka kuelewa kinachobishaniwa, tazama jinsi usiku wenyewe unavyoendeshwa. Mapambano haya husimamiwa na tume ya ndondi na mieleka ya jiji, na kila mkanda una mpaka wake wa uzito. Mkanda wa uzito wa kati, kwa mfano, kikomo chake ni kilo 87. Mkanda huoneshwa pande zote za ulingo, kila mpiganaji huwa na msaidizi mmoja kwenye kona yake, na kwa desturi mshindi ni yule anayechukua raundi mbili kati ya tatu. Raundi hapa haiendi kwa saa kama ya ndondi: huisha mmoja anaposalimu amri, au mabega yake yanapobanwa sakafuni hadi mwamuzi ahesabu tatu. Anayefanya faulo, kama vile kumpiga mwenzake chini ya kiuno, kumvua barakoa au kumshindilia kichwa sakafuni kwa mtindo uitwao martinete, huipoteza raundi ile papo hapo. Raundi ya kwanza kwa kawaida huenda polepole, kwa kukamatana mikono, kupindana viungo na kupimana nguvu, na kasi huongezeka katika ya pili, hadi ya tatu ambapo watu huruka nje ya kamba na kila hesabu ya mwamuzi huinua ukumbi mzima vitini.

Ni ile raundi ya kwanza inayowagawa mashabiki. Chukua mkamato mmoja tu, ule uitwao tapatía, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa ubunifu wa Rito Romero. Mpiganaji humlaza hasimu wake kifudifudi, hukita miguu yake kwenye miguu ya mwenzake, humshika viganja vyote viwili, kisha hujilaza chali na kumwinua juu mzimamzima, kifua kikitazama taa za dari. Mgeni humtazama aliyening'inia, kwa kuwa ndiye anayeonekana kuteseka. Mzoefu hutazama mabega ya aliye chini, kwa kuwa mabega hayo yakigusa sakafu mwamuzi anaweza kumhesabia yeye, na kwa hiyo anayetesa yuko hatarini kama anayeteswa. Watu wawili hao wakiulizwa baadaye, mmoja atasema palikuwa na dakika kadhaa za kulala sakafuni, na mwingine atasema aliona pambano zima ndani ya mkamato mmoja. Mimi namfuata wa pili.

Mzee mmoja anayeuza barakoa nje ya ukumbi, ambaye maoni yake nimejifunza kuyaheshimu hata pale nisipoyakubali, ana namna yake ya kuamua. Yeye hasemi lolote juu ya mshindi. Huuliza kwanza rudo alijifunga mikono kwa muda gani kabla ya kurudia tabia yake, kwa maana, kwa mujibu wake, rudo anayeanza kuchana barakoa ya mwenzake usiku wa mkanda ameshakiri kwamba hamwezi. Ni kipimo kikali, na kinawanyima haki wale ambao kazi yao ni vurugu tangu mwanzo, lakini ni kipimo kinachojulikana, na ukishakijua unaweza kuyatumia maoni yake hata kama ladha yako ni nyingine.

Mfano mkubwa wa ubishi wa aina hii ni wa El Santo, yaani Mtakatifu, na Blue Demon, wanamieleka mashuhuri wa Meksiko wa zamani, na naushauri kwa yeyote anayetaka kujifunza jinsi maoni yanavyoumbwa. Tarehe 7 Novemba 1952, katika Arena Coliseo, El Santo alimshinda Black Shadow na kumvua barakoa. Black Shadow alikuwa mpiganaji mwenza wa Blue Demon, nao wawili walikuwa wakipigana upande mmoja kama ndugu, hivyo Blue Demon alilibeba jambo lile kama deni. Mwaka uliofuata, 1953, alimnyang'anya El Santo mkanda wa dunia wa uzito wa welter wa NWA, muungano wa mieleka wenye asili ya Marekani, na akakaa nao hadi 1958. Tazama mambo yalivyopangika: El Santo, ambaye dunia inamkumbuka kama shujaa wa barakoa ya rangi ya fedha, wakati huo alikuwa rudo, na hakuhamia upande wa técnicos hadi miaka ya sitini. Kwa hiyo anayekuambia leo kwamba shujaa alionewa usiku ule anasimulia kwa macho ya sinema alizocheza El Santo baadaye, ambapo yeye na Blue Demon walisimama upande mmoja.

Mabishano yao yanaendelea ingawa El Santo alifariki 1984 na kuzikwa na barakoa yake, na Blue Demon akamfuata mwaka 2000. Wafuasi wa Blue Demon husema kwamba ulingoni, mtu kwa mtu, jibu lilishatolewa 1953. Wafuasi wa El Santo hujibu kwamba ukumbi ulijaa kwa ajili ya nani? Kila upande unasema kweli, kwa sababu kila upande unajibu swali lake. Binafsi nawaunga mkono wa Blue Demon, kwa kuwa swali lililowekwa mezani usiku wa mkanda lilikuwa la ufundi, na umaarufu haukuwa na bega la kuhesabiwa sakafuni.

Jambo la pili la kuuliza ni shabiki alikuwa upande gani mwaka ule, wala si upande gani leo. Mapenzi ya ukumbi huu hugeuka. El Hijo del Santo, mwana wa yule wa kwanza, alikuwa na uhasama wa miaka mingi na Negro Casas. Walikuwa wameshawekeana dau la barakoa kwa nywele huko Los Angeles mwaka 1987. Mwishoni mwa 1996 mwana huyo wa mtakatifu wa fedha aligeuka rudo, jambo ambalo wengi waliliona kama kukufuru, na Casas, ambaye maisha yake yote alikuwa na ulimi na mbinu za rudo, akajikuta akishangiliwa kama kipenzi cha watu. Walipokutana tena kwa dau hilohilo katika Arena México, tarehe 19 Septemba 1997, Santo alishinda na Casas akanyolewa. Miaka miwili baadaye walikuwa wakipigana upande mmoja. Lile lilikuwa pambano la dau, lakini nalitaja kwa sababu linaonesha jinsi shabiki anavyoweza kukupa maoni matatu tofauti juu ya watu walewale wawili, kila moja likiwa la dhati kwa mwaka wake. Hali kadhalika Atlantis na Último Guerrero, waliowahi kuwa kundi moja kabla ya Atlantis kumvua mwenzake barakoa Septemba 2014. Ukimsikia mtu akiwazungumzia hao kana kwamba walizaliwa maadui, jua kwamba ameanza kufuatilia juzi.

Kwa wale waliolelewa na mieleka ya Marekani kwenye televisheni, kama sisi wengi wa Afrika Mashariki, kuna tahadhari ya ziada. Tumezoea pambano la raundi moja, na tumezoea kuona bingwa akiokoka na mkanda wake kwa sababu ameondolewa kwa faulo. Hapa faulo humgharimu mtu raundi moja tu, na pambano linaendelea. Ndiyo maana Mswahili mwenzangu anayeniandikia kwamba mwamuzi ameharibu pambano katika raundi ya pili mara nyingi hajatazama ya tatu, ambako deni hilo hulipwa.

Kuna maoni mengine ambayo hayasemwi kwa mdomo, na haya nayaamini kuliko yote. Pambano likiwa zuri kupita kawaida, watu hurusha sarafu ulingoni, na wenye nacho hurusha noti. Sarafu hulia zinapogonga sakafu ya ulingo, wasaidizi huzikusanya kwa taulo, na wapiganaji wote wawili, aliyeshinda na aliyeshindwa, husimama zikiendelea kuanguka. Hakuna anayelazimishwa, na mtu aliyelipa kiingilio kwa fedha za mshahara wa wiki harushi sarafu yake kwa ajili ya pambano baridi. Angalia hasa zinatoka upande gani. Zikitoka viti vya mbele peke yake, huenda ni furaha ya wageni waliokuja kutalii. Zikianza kushuka kutoka viti vya juu, ambako watu wamekuja kila Ijumaa tangu utoto wao, basi pambano lile litafute ulitazame, hata kama kesho yake kila unayemsoma analiponda.

Kwa hiyo mtu akikuambia pambano fulani la mkanda lilikuwa bovu, muulize mambo matatu kwa utaratibu bila kumkera: alitaka nani ashinde, ana maoni gani juu ya raundi ya kwanza, na ni pambano gani jingine la watu haohao alilipenda. Akijibu swali la tatu kwa kutaja usiku wa barakoa au wa nywele, umeshajua kwamba alikwenda kutafuta damu akakuta ufundi, na maoni yake yatakufaa siku unapotaka kuchagua pambano la dau. Akishindwa kujibu la pili kwa sababu aliwasili ukumbini raundi ya kwanza ikiwa imekwisha, kama wanavyofanya wengi siku mvua inaponyesha Doctores na magari hayasogei, mnunulie bia mzungumzie mambo mengine.

Ukija mwenyewe, njoo Ijumaa, nunua tiketi dirishani badala ya kwa walanguzi wa barabarani, na kaa juu badala ya mbele. Kule mbele utaona nyuso, lakini juu utaona miguu inavyopangwa kabla ya kila mkamato, na utakuwa karibu na watu watakaokueleza, ukitaka usitake, kwa nini aliyeketi nyuma yako hajui kitu.