Paa Lililopinda la Roma Termini

SWALI: Mhariri, kwa nini paa la mbele la kituo cha reli cha Roma Termini limepinda kama wimbi? – Msomaji, Dodoma.

JIBU: Ndugu msomaji, ujenzi mpya ulioanza miaka ya 1930 ulikatizwa na vita, na shindano la wasanifu la mwaka 1947 ndilo lililozaa jengo la mbele, lililokamilika mwaka 1950. Paa lake la zege hupanda, hushuka, kisha hutokeza nje likimkinga abiria na jua kabla hajaingia ukumbini. Wenyeji hulifananisha na dinosaria. Kinachonigusa zaidi ni kwamba kando yake wameuacha usimame ukuta wa kale wa mawe, kama sisi tunavyopaswa kuiachia miamba yetu ya Dodoma nafasi yake tunapojenga.