Kwa wanaoanza kazi ya filamu za feraiti: ulizeni kwanza sumaku imeelekea wapi

Wadogo zangu, mkiingia maabara kutengeneza filamu, yaani tabaka nyembamba za feraiti, mtasikia habari za tanuri na pampu za vakyumu kutwa nzima. Mimi nawaanzia kwenye pembe baina ya filamu na uga wa sumaku, kwa sababu pembe ilinipotezea majuma mawili.

Feraiti, oksidi za chuma zenye usumaku, nilizijulia kwenye rada za meli, Kilindini. Rada nyingi za meli hurusha mawimbi ya takriban gigahezi 9.4, na antena inayorusha ndiyo hiyo hiyo inayopokea. Kipokezi kinanusurika na nguvu za magnetroni, kifaa kinachozalisha mawimbi hayo, kwa ajili ya sakyuleta, kidude chenye feraiti na sumaku ndani. Ni kama raundabauti ya Makupa: matatu ikiingia njia ya kwanza hutokea ya pili, ikiingia ya pili hutokea ya tatu, na kurudi kinyume hairuhusiwi. Feraiti yaiweza kazi hiyo kwa kuwa ni oksidi. Ina usumaku, lakini umeme haupiti kwa urahisi, kwa hivyo wimbi hupenya ndani.

Sasa filamu. Ya kwanza kupima ilikuwa YIG, yaani ganeti ya itriamu na chuma. Niliisimamisha baina ya ncha za sumaku, uso wake ukikabili uga, nikairushia mawimbi ya gigahezi 9.4, nikapandisha uga kutoka oestedi 0 hadi 3,500 (oestedi ni kipimo cha nguvu ya uga), nikisubiri rezonansi, yaani pale feraiti inapoyanyonya mawimbi kwa wingi. Kimya. Nikabadilisha kebo, nikasafisha viunganishi, nikamlaumu aliyeitengeneza. Hesabu yangu ilikuwa megahezi 2.8 kwa kila oestedi, basi megahezi 9,400 zahitaji karibu oestedi 3,360. Hesabu hiyo ni sahihi kwa tufe. Filamu ni bapa, na umbo lake lina neno. Ikikabili uga, usumaku wake wenyewe, takriban gausi 1,750 (hapa hesabuni gausi kama oestedi), hupingana na uga wa nje, na rezonansi husogea hadi karibu 5,100. Ukiilaza sambamba na uga, huja karibu 2,600. Kipande kile kile! Basi kabla ya kuwasha chochote, choreni kwenye daftari filamu imekaaje na uga unatoka wapi.

Tena pandisheni uga kwa hatua ndogo. Mstari wa rezonansi wa YIG nzuri huwa mwembamba, chini ya oestedi 1. Ukienda kwa hatua za 10, utauruka bila kujua kwamba ulikuwapo.

Kuhusu tanuri, filamu iliyopuliziwa kwenye vakyumu bila joto hutoka haina mpangilio wa fuwele, na usumaku mnaoutaka haupo mpaka ipashwe moto kama nyuzi 700 au 800. Juu ya silikoni ndipo shida huanza: ganeti hutanuka kwa joto zaidi ya silikoni mara tatu na kitu, na ikipoa hupasuka nyufa. Poozeni polepole. Mkiweza kupata ganeti ya gadoliniamu na galiamu ya kuibeba, ingawa ni ghali, itumieni: kipande kinachojirudia ndani ya fuwele yake kina upana wa angstromu 12.383 na cha YIG 12.376 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), zakaliana karibu sawasawa.

Hewa ya chumvi haiili feraiti, ila viunganishi vyenu itavila. Vifuteni kwa spiriti, vifunikeni, na kiyoyozi kikizima adhuhuri rudieni kalibresheni.

Jambo jingine linaniuma. Vijana huahidi sakyuleta kutokana na filamu ya maikromita 1. Feraiti yenyewe ni kidogo mno; wimbi karibu lote hupita nje yake. Kwa sakyuleta watu husaka unene wa makumi ya maikromita na zaidi. Wengine hukimbilia heksaferaiti ya bariamu, ambayo ina uga wake wa ndani wa takriban oestedi 17,000 na haihitaji sumaku kubwa. Ni kweli, lakini rezonansi yake iko karibu na gigahezi 47. Kabla ya kuiagiza, tazameni chombo chenu cha kupimia kinafika gigahezi ngapi.