Nileteeni sentensi, si neno

"Paa kwa Kiingereza ni nini?" (Msomaji, Dodoma)

Paa lipi? Paa la nyumba, paa wa porini, kupaa angani, au kupaa samaki magamba? Maswali ya namna hii huja kila wiki, na kila wiki nasema yale yale: niandikie sentensi uliyolikuta neno hilo ndani yake.

"Ni kweli kangaruu maana yake ni 'sijui', kwa kuwa Mzungu aliuliza jina la mnyama na wenyeji wakamjibu hivyo?" (Morogoro)

Si kweli, na naomba tuache kuisambaza hadithi hii. Mwaka 1770 meli ya James Cook, Endeavour, ilitobolewa na mwamba wa matumbawe kaskazini-mashariki mwa Australia, ikakaa wiki kadhaa kwenye mlango wa mto ikitengenezwa. Wenyeji wa hapo, watu wa Guugu Yimithirr, waliwatajia wageni mnyama kwa jina lake: gangurru, aina moja ya kangaruu. Waingereza waliofika Sydney mwaka 1788 wakalitumia neno hilo kwa wenyeji wa huko, ambao lugha yao ni nyingine kabisa, wasieleweke. Miaka ya 1970 mwanaisimu John Haviland alifanya kazi na watu wa Guugu Yimithirr, akalikuta neno bado limo vinywani mwao. Kinachoniuma ni kwamba kisa hiki humfanya mwenye lugha aonekane hakujua alichoulizwa, kumbe alijibu sawasawa. Ukisimuliwa asili ya neno kwa kichekesho, usiipokee mpaka umsikie mwenye lugha yake.

"Chai ni neno letu au la Wahindi?" (Tanga)

La Wachina: cha. Waliolipata kwa njia ya nchi kavu wakasema chai. Waholanzi walilichukua kwa wachuuzi wa pwani ya Fujian waliosema te, ndiyo maana Mwingereza anakunywa "tea".

"Najaza fomu ya ubalozi. Aliyenilea ni baba mdogo. Niandike 'father'?" (Mombasa)

Usithubutu. Afisa akikuta jina la baba mwingine kwenye cheti chako cha kuzaliwa, atadhani umedanganya. Andika "uncle", kisha eleza kuwa ni mdogo wake baba na ndiye aliyekulea.

Kiingereza kimewaweka kapu moja mjomba, amu na hata mume wa shangazi. Warumi hawakuwa hivyo: ndugu wa baba alikuwa patruus, ndugu wa mama avunculus. Hilo la pili ndilo lililopitia Kifaransa likawa "uncle". Kwa hiyo neno tunalomtafsiria amu, kwa asili yake ni mjomba! Waarabu wanao 'amm, tuliyempata amu kwake, na khal. Waturuki wana amca na dayı. Sisi tunayo yote, lakini mijini kila mwanamume sasa ni "anko", na vijana wanafika kwenye kikao cha posa hawajui nani ni mjomba na nani ni amu. Wazazi, hili ni lenu.

"Nasikia Kihindi kina neno moja kwa jana na kesho. Wanaelewanaje?" (Kigoma)

Neno ni kal, na kitenzi ndicho kinachoamua: "nilikwenda kal" ni jana, "nitakwenda kal" ni kesho. Parson nalo ni juzi au keshokutwa. Hawapotezani, kwa sababu hakuna Mhindi anayelisema neno hilo peke yake bila sentensi. Sisi tuna mtondo na mtondogoo baada ya keshokutwa. Yatumieni.

"Programu ya simu imetafsiri kiapo cha dada yangu, kila mahali ikamwita mwanamume. Kwa nini?" (Arusha)

Kwa sababu "yeye" na kiambishi "a-" havisemi mke wala mume, kama hän ya Kifini na o ya Kituruki. Kiingereza kinadai kuchagua, basi mashine inabahatisha: daktari inamfanya mwanamume, muuguzi mwanamke. Hati ya mahakama haifanyiwi hivyo. Na saa mliziangalia? "Saa 2 usiku" ikiandikwa kwa Kiingereza ni "8 p.m.", si "2", na tarakimu hiyo peke yake ikikosewa inaweza kumweka dada yako mahali ambapo hakuwepo. Rudini kwa wakili kiapo kikaandikwe upya kabla ya tarehe ya kesi.