Maswali ya Wasomaji: Nancy Drew na Mavazi ya Zamani

SWALI: Mhariri mpendwa, nimeitazama filamu ya mwaka 2007 ya Nancy Drew, yule binti mpelelezi wa vitabuni, ile aliyoigiza Emma Roberts, nikabaki na shaka. Mambo yake yanatokea Los Angeles ya siku zetu, lakini binti huyo anavaa na kuzungumza kana kwamba ametoka moja kwa moja katika vitabu vya bibi yangu. Je, huku ndiko kuihuisha hadithi, au watengenezaji waliogopa kuigusa?

JIBU: Hawakuogopa, ndugu msomaji, ule ukale uliwekwa makusudi. Nancy anahama na baba yake kutoka mji mdogo wa River Heights, anaingia shule mpya akiwa na sketi yake nadhifu na adabu zake zote, na wanafunzi wenzake wanamcheka. Mwongozaji Andrew Fleming ameibadilisha dunia inayomzunguka binti huyo na kumwacha yeye alivyo, ili kichekesho kizaliwe katika mgongano huo. Mwanzoni mbinu hiyo inafanya kazi vizuri. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, unaonekana baadaye, kwa kuwa mzaha juu ya mavazi unachukua nafasi ambayo ingetumika kuufanya upelelezi wenyewe uwe mgumu zaidi; kifo cha mwigizaji wa zamani, ambacho ndicho fumbo lenyewe, kinastahili umakini kuliko kinavyopewa.

Hata hivyo, tuwe waangalifu tunaposema kwamba filamu imeiacha au imeifuata hadithi ya asili, kwa sababu hadithi hiyo haina sura moja. Vitabu vya kwanza vilitoka mwaka 1930, vikiwa wazo la Edward Stratemeyer, na vingi vya mwanzo viliandikwa na Mildred Wirt Benson, ingawa jalada lilibeba jina la kubuni la Carolyn Keene, ambalo waandishi kadhaa walilitumia kwa zamu. Kisha, kuanzia mwaka 1959, vitabu vya zamani vilianza kuandikwa upya: vilifupishwa, maelezo ya kudhalilisha watu wa rangi nyingine yaliondolewa, na Nancy aliyekuwa na umri wa miaka 16 akafanywa kuwa na miaka 18. Wasomaji wengi wanaompenda yule Nancy wa mwanzo wanasema kwamba katika marekebisho hayo alipunguziwa ukali na ujeuri wake. Basi huenda kitabu alichokisoma bibi yako kilikuwa tayari kimehuishwa.

Kwangu mimi, kipimo cha kuihuisha hadithi hii ni uhuru wa binti huyu. Mwaka 1930, msichana mwenye gari lake, baba wakili anayemwamini na ruhusa ya kwenda apendako lilikuwa jambo la kushangaza. Leo gari peke yake halishangazi mtu, na simu ya mkononi inaweza kumaliza kwa dakika mbili fumbo lililojaza sura kumi. Mtengenezaji wa filamu hana budi kutafuta kizuizi kipya kitakachoufanya ujasiri huo uonekane tena. Filamu ya mwaka 2019, iliyotokana na kitabu cha pili cha mfululizo huo na kuigizwa na Sophia Lillis, ilijaribu njia hiyo: Nancy anatembea kwa ubao wa magurudumu, na anaingia matatani kwa kumlipizia kisasi kijana aliyemdhalilisha rafiki yake kwa video. Kosa hilo ni la zama zetu kweli, na hasira ya Nancy inaeleweka bila maelezo.

SWALI: Kati ya filamu hizo mbili, ipi inamfaa mtoto wa miaka kumi?

JIBU: Zote mbili zilipangwa Marekani katika daraja la PG, yaani watoto wanaruhusiwa lakini mzazi ashauri. Anayeogopa nyumba zenye vishindo vya usiku aanze na ile ya 2007, ingawa nayo ina vitisho kidogo. Ile ya 2019 ina nyumba inayodhaniwa kuwa na mizimu.