Msitie sahihi ya upasuaji kabla uvimbe haujapimwa mafuta

Wauliza babako ale nini kabla ya kulazwa na bima italipa kiasi gani. Hayo yangoje. Ana uvimbe wa sentimita 3 kwenye utumbo mpana upande wa kulia, kinyama kilichochunwa kwa kamera na kupelekwa maabara kimerudi "kawaida", na bado mnaambiwa akatwe nusu ya utumbo Jumatatu? Msitie sahihi.

Majibu hayo ya "kawaida" ndiyo yanayopoteza watu hapa Mombasa. Lipoma, yaani uvimbe wa mafuta, kwa kawaida hukaa chini ya utando wa ndani wa utumbo. Koleo la kamera inayoingizwa utumboni huchuna utando wa juu tu, mafuta hayafiki maabara. Kisha mtu anaandika "inashukiwa saratani" na nyumba nzima hailali. Yaniudhi mno, kwa kuwa mara nyingi jibu limo kwenye siti skani mliyokwisha kuilipia!

Chukueni diski ya siti skani hiyo, si ile filamu nyeusi, maana filamu haipimiki. Mtaalamu wa picha apime ndani ya uvimbe kwa kipimo cha Hounsfield, namba za siti skani zinazoonyesha uzito wa kitu kwenye picha, na aandike namba kwenye ripoti. Mafuta husoma kati ya hasi 80 na hasi 120 hivi, maji ni 0, saratani huwa chanya. Atumie vipande vyembamba vya picha, na duara la kupimia likae lote ndani ya uvimbe. Kwa uvimbe mdogo, vipande vinene huchanganya mafuta na vilivyo kando, namba ikadanganya.

Aliyeshika kamera naye aulizwe: aliubonyeza kwa koleo lililofungwa? Lipoma ni laini, ya manjano, hubonyea kama mto kisha hurudi. Saratani kwa kawaida ni ngumu.

Namba ikiwa ya mafuta na mzee hana dalili, mara nyingi huachwa. Wala uvimbe usikatwe kwa waya wa umeme wa kamera haraka haraka: mafuta hayapitishi umeme vizuri, moto huongezwa, ukuta ukatoboka.

Utumbo ukijimeza, yaani sehemu moja ikiingia ndani ya nyingine, ni habari nyingine. Mafuta hukosa damu, hufa, picha ikafanana na saratani. Hapo kisu kina haki yake. Akitapika, tumbo likafura, hata upepo hautoki, mpelekeni usiku huo huo. Na hakikisheni kamera ilifika mwisho wa utumbo mpana. Akiwa amekonda au ana upungufu wa damu, msiisingizie lipoma, kwani saratani yaweza kuwa pembeni yake.