Eyam: soma jina kabla ya kunakili namba

Kama unaishi Uingereza na hujawahi kucheza jiokashingi, nakushauri uanzie Eyam, kijiji cha vilima vya Derbyshire kisicho mbali na Sheffield. Jina huandikwa hivyo, ila wenyeji hutamka "Iim". Litamke kama wao unapouliza njia.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Mtu anaficha kopo lenye kijitabu ndani, anaweka namba zake za GPS mtandaoni, wewe unalitafuta, unasaini, unalirudisha palepale. Ulianza Marekani Mei 2000, mara tu serikali ya huko ilipoacha kuvuruga ishara za setilaiti kwa watumiaji wa kawaida. Dave Ulmer wa Oregon akaficha ndoo msituni apime usahihi huo mpya, na watu wakaanza kuitafuta. Kwa kijiji cha kale chagua matembezi ya hatua nyingi. Humo hupewi mahali pa kopo moja kwa moja. Unazunguka kukusanya tarakimu kwenye mawe, makaburi na vibao, kisha hizo ndizo zinazokupeleka mwisho.

Hapo ndipo nilipokosea mimi. Nilikwenda na mdogo wangu siku ya mawingu, na uwanjani kwa kanisa nilikuwa na haraka. Swali lilitaka tarehe ya kifo cha Catherine Mompesson. Nikaona kaburi lenye maandishi yaliyofifia, nikachukua tarakimu nilizoziona, nikasonga. Hesabu ikatutupa katikati ya shamba la kondoo, tusilo na ruhusa ya kuingia. Tulirudi. Mdogo wangu akapiga magoti mbele ya kaburi lingine, akasoma polepole: Catherine alikufa 25 Agosti 1666. Kisha akaniuliza, "Dada, huyu alikuwa nani?" Sikuwa na jibu.

Basi jibu lenyewe ndilo hili, na ningependa ulijue kabla hujapanda basi. Mwaka 1665 kitambaa kutoka London kilimfikia fundi cherehani wa Eyam. Kinasemekana kilikuwa na unyevu, kikaanikwa karibu na moto, nacho kilibeba viroboto wa tauni. George Viccars, msaidizi wa fundi, alifariki Septemba. Vifo vikaendelea, na mwezi Juni 1666 kasisi kijana William Mompesson, akisaidiwa na mtangulizi wake Thomas Stanley, akawaomba wanakijiji wajifungie wasije wakaambukiza vijiji jirani. Wakakubali. Kanisa likafungwa, ibada ikahamia bondeni Cucklet Delf, kila familia ikisimama mbali na nyingine. Catherine alikuwa mke wa kasisi huyo. Hadi tauni ilipokwisha, watu wapatao 260 walikuwa wamekufa.

Fundi cherehani? Ndio, naandika "fundi cherehani" kwa mazoea tu. Mashine za cherehani hazikuwapo bado. Alishona kwa mkono.

Usiishie kanisani. Shuka njia ya miguu kuelekea Stoney Middleton mpaka kwenye jiwe la mpaka. Lina vitundu sita juu yake. Watu wa Eyam walitia humo sarafu zilizolowekwa siki, majirani wakaacha chakula na kuchukua pesa, bila kukutana uso kwa uso. Niliingiza kidole katika kitundu kimoja: maji ya mvua, unyasi mmoja, kingo laini kama za kinu cha zamani. Sisi tuliopita Korona, tulioachiwa mifuko ya vyakula mlangoni, tunalielewa jiwe lile bila kuelezwa.

Kisha panda mpaka mahali paitwapo Riley, nje kidogo ya kijiji. Hapa simu itie mfukoni. Ndani ya ukuta wa mviringo, katikati ya shamba, kuna makaburi ya familia ya Hancock. Elizabeth Hancock alizika mumewe na watoto sita kwa siku nane, Agosti 1666, na aliwazika yeye mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyethubutu kusogea. Zisome tarehe moja moja, kwa sauti kama uko na mwenzio. Zimepishana kwa siku tu.

Kuhusu vifaa: viatu vya matope, chaji ya ziada, na penseli, maana kalamu ya wino hugoma kwenye karatasi yenye unyevu. Funga kila geti ulilofungua. Zile kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji usizibomoe hata jiwe moja kutafuta kopo. Mtu mwungwana hafichi kitu pa kukulazimisha ubomoe. Makaburini tembea pembezoni, na ukikuta watu wana mazishi au ibada, ahirisha hatua hiyo. Jumapili ya mwisho ya Agosti huwa na ibada ya kumbukumbu ya tauni. Mimi ningekwenda siku hiyo kwa ajili ya ibada, mchezo nikaucheza siku nyingine.

Kopo letu tulilipata jioni, kwenye shina la mti, dogo kama chupa ya dawa. Mdogo wangu aliandika majina yetu mawili na tarehe. Elizabeth Hancock alibakiwa na mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa akiishi Sheffield, naye mwishowe akaondoka Eyam kumfuata. Basi letu nalo lilikuwa la Sheffield. Tulikaa upande wa dirisha lililoelekea Riley, hatukuzungumza mpaka taa za mji zilipoonekana.