Dokta, lazima nichague kati ya emajensi na utafiti?

SWALI: Shikamoo dokta. Nipo mwaka wa nne udaktari, roho yangu iko emajensi ila na maabara naipenda, wenzangu wanasema huwezi kushika vyote chagua kimoja. Halafu nimeskia kuna madokta wanatibu watu ndani ya chemba ya oksijeni, hivi hao wanatafiti nini hasa? Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usichague kwanza, mfuatilie Stephen Thom, dokta wa emajensi wa Marekani, kafanya kazi chuo kikuu cha Pennsylvania kisha Maryland. Swali lake ni lile lile utakalokutana nalo zamu ya usiku: mtu kaletwa hajitambui, kalala na jiko la mkaa chumba kimefungwa, damu imejaa kaboni monoksaidi. Kwa hewa ya kawaida hiyo gesi inachukua kama saa tano kupungua nusu, kwa oksijeni ya maski saa moja na ushee, ndani ya chemba, yaani chumba kilichofungwa ambamo mgonjwa anavuta oksijeni kwa presha kubwa, dakika 20 na kitu tu. Anazinduka, anaruhusiwa, ndugu wanamshukuru Mungu, halafu siku kadhaa mbele anaanza kusahau na hesabu ndogo zinamshinda. Sasa gesi si ishatoka, nini kinaharibu ubongo?

Thom akaenda kwa panya wa maabara, 1993 akaonyesha kwamba seli nyeupe za damu zinanata kwenye mishipa ya ubongo na kuleta uharibifu, na oksijeni ya presha inazizuia zisinate. Yani chemba haifukuzi gesi tu! Hapo ndo mimi husisimka kabisa. 1995 akatoa majibu ya wagonjwa: waliopewa oksijeni ya kawaida 7 kati ya 30 walipata matatizo baadaye, wa chemba 30 hakuna hata mmoja.

Haikuishia hapo, 1999 watafiti wenzake wa Melbourne, Australia, hawakuona faida ya chemba, 2002 dokta Lindell Weaver wa Salt Lake City, Marekani, na wagonjwa 152 akaiona tena, baada ya wiki 6 wenye matatizo ya kumbukumbu na kufikiri walikuwa asilimia 25 kwa wa chemba dhidi ya 46 kwa wa oksijeni ya kawaida. Ubishi bado upo, na nafasi yako imo humo humo.

Chemba huna, sawa, ila wagonjwa wa mkaa unao. Ongea na msimamizi wako, ombeni kibali cha kamati ya maadili, chukueni namba ya mgonjwa na ya ndugu mmoja, muwaite baada ya wiki 6 mpime kumbukumbu. Na usiku huo akifika mpe oksijeni ya maski mapema, usiiamini ile mashine ya kidoleni ya kupima oksijeni, inaweza kusoma asilimia 99 wakati damu imejaa gesi.